Umefukuzwa Kazi kwa Ajili ya Stetasi? Anza na Kalenda

Dada mmoja wa Nkuhungu, keshia wa duka la jumla hapa Dodoma, ameniandikia. Aliweka stetasi WhatsApp: "Mwezi wa pili hatujaona mshahara, bosi kabadilisha gari." Ijumaa saa kumi jioni akapewa barua ya kujieleza. Jumamosi saa tatu asubuhi akaitwa kikaoni, na saa tano alikuwa hana kazi. Anauliza kama atashinda, maana alichoandika ni kweli.

Dada yangu, ukweli wa stetasi tutaufikia. Kwanza tarehe. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu uachishwe, au tangu mwajiri atoe uamuzi wake wa mwisho. Watu wazima na akili zao wanazimaliza siku hizo wakisubiri bosi apoe hasira, au wakituma wazee wakamwombee msamaha. Omba msamaha ukitaka, lakini fomu iwe imeshaingia.

Fomu yenyewe ni CMA F1, na huhitaji wakili kuijaza. Nakala mpelekee mwajiri kwanza, asaini kuwa amepokea, ndipo uisajili CMA. Usiiruke Sehemu B, ndiyo ya walioachishwa kazi: humo unaeleza kwa nini sababu haikuwa halali na ni utaratibu gani uliokiukwa. Kuiacha tupu au kusahau kusaini ni kumpa mwajiri pingamizi la bure. Ukichelewa kuna F2 ya kuomba kuongezewa muda, ila hapo utatakiwa kueleza kila siku iliyopita, na "nilikuwa na msongo wa mawazo" peke yake haitoshi.

Sasa stetasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili: sababu halali na utaratibu wa haki. Kwa upande wa sababu, Kanuni za Utendaji Bora za 2007 (GN 42, yaani Tangazo la Serikali Na. 42) zinauliza: Kuna kanuni iliyovunjwa? Iko wazi? Mfanyakazi aliijua, au alipaswa kuijua? Inatumika kwa wote, au msimamizi anaposti ya kwake na kuchekewa? Na je, kosa linastahili kufukuzwa, au onyo lingetosha? Kwa hiyo tafuta mkataba wako na kijitabu cha kanuni za kazi, uone kama mitandao imetajwa. Isipotajwa hujashinda bado, maana kumtukana mwajiri au kutoa siri za wateja hakuhitaji kuandikwa ndipo mtu ajue ni kosa.

Kuhusu utaratibu, dada huyu ana hoja nzito. Kanuni zinataka apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Yeye alipewa kama saa 17. Tena ana haki ya kwenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, na mwenyekiti wa kikao asiwe mtu aliyehusika na jambo lenyewe. Kama bosi aliyetajwa kwenye stetasi ndiye aliyeongoza kikao, liandike hilo kwenye Sehemu B.

Usifute kitu. Wengi hukimbilia kufuta, kumbe skrinishoti ziko kwa watu kumi, na mwenye ujumbe kamili pamoja na saa na majibu yake anabaki bila ushahidi. Ushahidi wa kielektroniki unakubalika, lakini uzito wake hutegemea umehifadhiwaje na kama aliyeuandika anajulikana. Skrinishoti iliyokatwa juu na chini, haina jina wala tarehe, ihoji.

Na ule ukweli? Sheria inamlinda anayetoa taarifa ambayo ana haki ya kuitoa kisheria, na anayetumia haki yake. Ukipeleka malalamiko ya mshahara kwa afisa kazi, ulinzi huo unakukinga vizuri. Stetasi inayosomwa na wateja na majirani ni ngumu kuitetea hivyo, hasa ukishaongeza habari za gari. Mshahara ni dai. Gari ni umbea. Nalirudia kila mara na bado watu wanaposti.

Walioajiriwa chini ya miezi sita, kinga hii ya kuachishwa isivyo haki haiwahusu. Watumishi wa umma, nanyi wa Mji wa Serikali Mtumba na wa halmashauri, msikimbilie CMA: tangu marekebisho ya 2016 mnatakiwa kumaliza kwanza ngazi za ndani, ikiwemo rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45.

CMA huanza na usuluhishi, na wengi humalizana hapo. Kabla ya kusaini makubaliano, hakikisha yamo mishahara uliyofanyia kazi, likizo ambayo hukuchukua, notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi) na cheti cha utumishi. Ukishasaini "sina dai lingine", ile miezi miwili ya mshahara imekwenda na maji kama haikuandikwa.