Kodi ya petroli au tozo kwa maili?
Ulipendekeza tupandishe tu kodi ya petroli ili kugharamia barabara; hilo linasaidia kwa muda. Kodi ya serikali kuu ya Marekani imeganda kwenye senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, na gari la umeme halinywi petroli. Jimbo la Oregon lilianza 2015 kuwatoza madereva wanaojitolea kwa kila maili wanayoendesha. Piga hesabu: kodi ya jimbo ikiwa senti 40 kwa galoni, gari la maili 20 kwa galoni linachangia senti 2 kwa maili, la maili 40, senti 1 tu. Kifaa cha kuhesabu maili huchomekwa chini ya usukani. Ukichagua kisicho na GPS (wengi hawapendi kufuatiliwa), utalipia hata maili ulizoendesha jimbo jirani. Kero kubwa ni gharama ya ukusanyaji: kodi ya petroli hukusanywa kwa wauzaji wa jumla wachache, tozo ya maili gari kwa gari.