Diski ipi ya Mario Bava?

Ndugu, umeuliza ununue diski ipi ya La maschera del demonio (1960), filamu ya kutisha ya mwongozaji Mwitaliano Mario Bava, maana zinauzwa kwa majina tofauti. Mimi ningechukua ile ya Arrow Video ya Uingereza, ya 2013. Ina toleo la Ulaya lenye muziki wa Roberto Nicolosi, pamoja na Black Sunday, yaani lile la Marekani lililopunguzwa damu na kutiwa muziki wa Les Baxter. Anza na la Ulaya: mwigizaji Barbara Steele anagongomelewa usoni barakoa yenye misumari kwa ndani, kwa nyundo kubwa, na Bava hakuonei huruma. Ila geuza kasha kwanza. Ni Blu-ray ya kanda B, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa; deki iliyotoka Marekani huenda ikaikataa.