Nimebadilisha kila neno, bado ni wizi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nina miaka 24, naishi Mbagala, na naandika riwaya yangu ya kwanza. Inahusu binti anayeletwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, na kisa nimekipata kwa mama yangu mdogo, aliyeletwa hivyo hivyo kutoka Singida. Ipo riwaya moja ya zamani yenye kisa kama hicho. Nimeisoma hata sijui mara ngapi. Nilipompa rafiki yangu sura ya tatu aliniambia, "Hapa umedesa." Kweli kitabu kile kilikuwa wazi mezani nikiandika, lakini nilibadilisha kila neno, na majina, na mtaa. Nimesikia ukibadilisha asilimia 30 ya kazi inakuwa yako. Mpaka uko wapi? Nimekuwekea kipande cha mwandishi yule na changu.

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Nianze na hiyo asilimia 30, maana imewaponza vijana wengi. Haimo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, wala haimo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania ni mwanachama tangu 1994. Ungebadilisha asilimia 90, swali lingekuwa lile lile: kilichobaki ni cha nani?

Kisa chenyewe usikihofie. Binti wa kijijini kuja kufanya kazi za ndani mjini ni kisa kisicho na mwenyewe. Kaa stendi ya Mbezi jioni mabasi ya mikoani yanapoingia, utakiona kikishuka na begi lake. Sheria hailindi wazo, inalinda namna lilivyoelezwa. Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, unalisema hilo waziwazi katika kifungu cha 9. Waandishi kumi wanaweza kukiandika kisa hicho na kila mmoja akawa na riwaya yake.

Sasa tuje kwenye vipande. Mwandishi yule anasema: "Mama alifunga mlango kwa kufuli, akaficha ufunguo ndani ya chungu cha chumvi, akanishika mkono tukaenda kituoni bila kugeuka nyuma." Wewe unasema: "Mzazi wangu alikomea kitasa, akautia ufunguo kwenye kopo la sukari, akanikamata kiganja tukaelekea stendi pasipo kutazama tulikotoka."

Ukiacha ufunguo, ni kweli umebadilisha karibu kila neno. Lakini hebu fikiri ni mambo mangapi mama yule angeweza kufanya asubuhi ile. Angeweza kulia, angeweza kugombana na jirani, angeweza kurudi ndani kuchukua kanga aliyoisahau. Mwandishi akachagua ufunguo jikoni, mkono wa mtoto, na kutogeuka, akavipanga kwa mfuatano huo. Kuchagua huko ndiko kuandika, na ndicho ulichokichukua. Tena angalia ulichopoteza: chumvi haikosekani hata kwenye nyumba maskini kabisa, kwa hiyo ufunguo ndani ya chumvi unatuambia mama anakusudia kurudi. Sukari haisemi hivyo. Ulibadilisha neno bila kujua lilikuwa linafanya kazi gani, kwa sababu si wewe uliyeliweka pale. Rafiki yako alisikia sawasawa.

Niliwahi kuletewa mswada wa upelelezi uliohamishwa kutoka Uingereza hadi Bagamoyo. Majina yote yalikuwa ya kwetu, mitaa ya kwetu, ila kila mpelelezi alipoingia nyumbani alivua koti zito na kusogelea moto. Mwandishi wake alishangaa nilipomwambia kwamba kutafsiri na kutohoa, yaani kuigeuza kazi iendane na mazingira mengine, nako kunahitaji ruhusa ya mwenye kazi.

Hapo ndipo wengi wanachanganya mambo mawili, jina na ruhusa. Kutotaja jina la uliyemchukulia ni wizi wa kazi, hata kama sheria haikugusi. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alichapisha ngano za Unguja mwaka 1870; hakimiliki yake imekwisha zamani, unaweza kuzichapisha upya kesho bila kumwomba mtu. Ukiweka jina lako kana kwamba umezikusanya wewe, umeiba. Upande wa pili, ukinakili kurasa kumi za mwandishi aliye hai ukamtaja na kumshukuru, jina umelitoa lakini ruhusa huna, na hilo ni kosa la hakimiliki. Mkataba wa Berne unaweka kima cha chini cha ulinzi, uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wala ulinzi huo haungoji kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Unaanza pale inapoandikwa.

Ushairi wetu ulilijua jambo hili kabla ya mikataba yote hiyo. Katika takhmisi, mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenzake, akaongeza yake mitatu ukapatikana ubeti wa mishororo mitano. Mshairi wa kale Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alifanya hivyo kwa mashairi ya Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, na hakuna aliyemwita mwizi, kwa kuwa kazi yenyewe inatangaza mishororo ipi ni ya nani. Hata wale wanaojibizana magazetini hufuata bahari na vina vya aliyewatangulia huku wakimwita kwa jina. Napenda sana utamaduni huo, na inaniuma ninapoona vijana wanaona aibu kumtaja aliyewafundisha kuandika.

Kwa hiyo sura ya tatu usiirekebishe. Iweke kando uiandike upya, na kitabu kile kisiwe mezani, kisiwe hata chumbani. Kukifunga tu hakutoshi, kwa sababu umekisoma mno na sentensi zake zimeshakukaa kichwani. Mwaka 1976 mahakama ya Marekani iliona George Harrison, mwanamuziki wa Uingereza, amenakili muziki wa mwenzake, ingawa jaji hakuamini kwamba alikusudia. Ndiyo maana sentensi ikikujia nzuri mno na kwa urahisi mno, rudi kitabuni ukahakikishe kabla hujaipenda.

Mama yako mdogo yuko hai, nenda ukakae naye. Usimwulize alijisikiaje, mwulize nani alifunga mlango siku ile, kama kulikuwa na kufuli, alivaa nini miguuni, basi lilisimama wapi, nani alimnunulia chakula njiani. Mwombe na idhini ya kuyaandika, maana maisha ni yake. Ukimaliza sura hiyo niletee niisome kabla hujaipeleka kwa mchapishaji.