Muulize Mzee wa Kamera: Nina Zenit ya babu, nitajifunza sinema?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Chang'ombe hapa Dodoma. Nataka kuwa mpiga picha za sinema. Nimesoma vitabu viwili vya kazi hiyo, vya kuazima, lakini nikikifunga kitabu kichwani hakibaki kitu. Marehemu babu aliniachia kamera ya mkanda, Zenit-E, na mshale wake wa kupimia mwanga hautikisiki kabisa. Kaka zangu wanasema niitupe, nitumie simu. Je, kamera ya picha za mnato inaweza kunifundisha sinema?
Msomaji, Chang'ombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Waambie kaka zako waiache hiyo kamera hapo ilipo. Mshale umekufa kwa uzee, kama zilivyo nyingi za aina hiyo, na kufa kwake ni bahati yako. Sasa itakubidi usome mwanga kwa macho.

Anza hivi. Jua la wazi la saa tano asubuhi: tundu la lenzi f/16 (namba ikikua, tundu linapungua), mwendo wa shata, yaani muda ambao pazia la kamera linakaa wazi, ukaribiane na namba ya filamu, ile ASA inayoonyesha wepesi wake wa kushika mwanga. Filamu ya ASA 100, weka 1/125. Ukihamia kivulini chini ya mwarobaini, fungua tundu hadi f/5.6. Vitabu vyako bila shaka vimelisema hilo, ila wewe unavisoma kama riwaya. Soma kurasa mbili, toka nje, piga picha tatu, kisha andika kwenye daftari: saa ngapi, tundu gani, mwendo gani, jua lilikuwa upande upi. Mkanda ukishasafishwa, linganisha na daftari. Simu ina faida zake, na utaihitaji kujifunza kutembea na kamera, maana Zenit haitakufundisha hilo. Lakini simu inakuamulia mwanga kabla hujauliza.

Tuje kwenye sinema yenyewe. Kamera yake hupiga picha 24 kwa sekunde, na kwa kawaida kila picha hupokea mwanga kwa 1/48 ya sekunde. Kwenye Zenit, jirani wa hiyo ni 1/60. Kaa hapo wiki nzima, usiguse mwendo, chezea tundu peke yake. Shida utaiona siku ya kwanza: kwa jua letu na ASA 100, 1/60 inadai f/22, na lenzi ya Helios iliyozoeleka kwenye kamera hizo inaishia f/16. Picha itazidi mwanga kidogo, na filamu ya negativu, ile inayotoa picha iliyogeuzwa mwanga na giza kabla ya kuchapwa, itavumilia. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini watu wa sinema hubeba vioo vya kijivu vya kuvalisha mbele ya lenzi ili kupunguza mwanga. Mimi nilivisoma vitabuni miaka na miaka nikidhani ni mapambo.

Saa sita mchana usimpige mtu uwanjani, hasa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua linapopita karibu kabisa na utosi hapa Dodoma. Macho yanageuka mashimo. Mvute mtu akae ukingoni mwa baraza. Uwanja uliofagiwa utamrudishia mwanga usoni kutoka chini, bure.

Jumamosi nenda mnada wa Msalato na mkanda mmoja wa picha 36. Tafuta watu wawili wanaopatana bei ya mbuzi, waombe ruhusa, halafu uwapige picha 12 tu: wote na mbuzi wao, kisha mmoja mmoja, kisha mkono unaohesabu noti. Usivuke kwenda upande wa pili wao. Ukivuka, mnunuzi aliyekuwa akitazama kulia atatazama kushoto, na wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja, kana kwamba mmoja kampa mwenzake kisogo. Zikishachapwa, zitandaze mkekani mbele ya mama, usimwambie neno. Akikuuliza "mbona huyu kageuka?", umejua ulipokosea.

Kusafisha mkanda wa nyeusi na nyeupe unaweza nyumbani, ukiwa na tangi lisilopitisha mwanga. Dakika zinazoandikwa kwenye dawa kwa kawaida ni za maji ya nyuzi 20, na ya bomba la Dodoma mwezi wa kumi hayafiki huko chini. Tumia ya mtungi, kwa kuwa hewa yetu kavu inaupoza vizuri, na upime kwa kipimajoto. Yakiwa moto zaidi, dawa itafanya kazi haraka mno na negativu zitakuwa nzito, nyeusi kupita kiasi.

Jambo la mwisho, nalisema kwa uchungu. Ukishapachika mkanda, kila unapovuta wenzo tazama kile kidude cha kushoto cha kurudishia. Kisipozunguka, mkanda haujashika. Nilipiga harusi nzima Kilimani bila kukitazama.

Na mkanda ukitoka mtupu, angalia pembeni mwake. Kama namba na maandishi ya kiwandani hayapo, kosa ni la dawa. Kama yapo, dawa ilifanya kazi, tafuta kosa kwenye kamera au kwako. Ule wangu wa Kilimani ulikuwa na namba zote, safi kabisa.