Kufunga nyaya za pointi za treni ndogo kwa DCC: maliza shoti kwanza, mota baadaye

Mota ya pointi, yaani ya mahali reli inapogawanyika njia mbili, ndiyo sehemu rahisi. Kinachosumbua ni umeme unaopita kwenye pointi yenyewe, kwa sababu buusta ya DCC (kifaa kinacholisha reli umeme, katika mfumo wa kuendesha treni kwa amri za kidijitali) hukata umeme papo hapo ikiona shoti, hata ile fupi ambayo mfumo wa zamani wa DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja, ungeivumilia. Mgongo wa gurudumu ukigusa ulimi (reli inayosogea ya pointi) ulio wazi, treni zote za eneo hilo husimama.

Kwa hiyo fanya kazi ya umeme pointi ikiwa bado mezani. Unganisha kila ulimi na reli ya pembeni inayokaribiana nao, kwa kipande cha waya kilicholehemiwa upande wa chini. Sasa ulimi na reli yake vina umeme mmoja, gurudumu likigusa hakuna kitu. Kisha tenga frogi, yaani kipande ambapo reli mbili za ndani hukutana: kata reli kati ya frogi na ndimi, na reli mbili za ndani zinazotoka nyuma yake. Mianya hiyo ijaze plastiki na gundi, maana ubao hutanuka na kusinyaa na mwanya mtupu hujifunga wenyewe siku moja.

Lehemu waya kwenye frogi, kisha pima kwa mita inayolia sehemu mbili zikiwa zimeungana, kabla ya kuufunga popote. Frogi isilie na reli yoyote. Kila ulimi ulie na reli yake tu, pointi ikiwa kushoto na ikiwa kulia.

Frogi hulishwa kupitia swichi iliyo ndani ya mota. Kwenye Tortoise, aina ya mota ya mwendo wa taratibu, vituo vya kufungia nyaya namba 1 na 8 ni vya mota. Waya wa frogi huenda 4, na reli mbili za pembeni huenda 2 na 3. Treni ikipiga shoti kila inapokanyaga frogi, badilishana nyaya za 2 na 3, usiguse kingine.

Dikoda, kifaa kinachopokea amri za DCC na kuendesha mota, lazima ilingane na mota. Mota ya mwendo wa taratibu hutaka DC ya kudumu inayogeuzwa mwelekeo. Mota ya koili hutaka pigo fupi kutoka kwenye kapasita. Ukiipa koili umeme wa kudumu, itaungua.

Wengi hulisha dikoda kutoka reli zilezile. Mimi sikubaliani na hilo. Treni ikiingia pointi iliyogeuzwa vibaya, shoti inatokea, buusta inakata, na dikoda nayo inakosa umeme wa kuirudisha pointi. Unabaki kusukuma injini kwa kidole. Wape madikoda waya mkuu wao, kwenye buusta au kikata umeme cha peke yake.

Waya mkuu wa reli uwe wa 2.5 mm², na nyaya fupi za kulisha reli ziwe za 0.5 mm². Weka sarafu juu ya reli mbali kabisa na buusta: buusta isipokata mara moja, waya ni mwembamba au kiungo fulani kimelegea.

Unapotoa anwani, yaani namba ya kuiitia kila dikoda, weka dikoda moja tu kwenye hali ya kujifunza, kwani aina nyingi hushika amri ya kwanza ya pointi zinayoisikia. Anwani 5 ya injini na 5 ya pointi hazigongani.