Toleman ya 1981 na ile ya Senna 1984: injini ni ile ile, nini kilibadilika?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimeangalia dereva Senna alivyomkimbiza mwenzake Prost kwenye mvua, mbio za Formula 1 pale Monaco 1984, akiwa na timu ya Toleman. Nikasoma kumbe 1981 timu hiyo hiyo ilikuwa haifuzu hata kuanza mbio, na injini ni ile ile Hart ya silinda nne, lita 1.5, turbo moja. Walifanya nini? Na mbona turbo haikumsumbua kwenye maji? Naomba uniambie pia kwanini yangu, nayo silinda nne ya turbo, inachelewa kuvuta.

JIBU: Salama ndugu yangu. Turbo, ile pampu inayozungushwa na gesi ya eksozi ili isukume hewa zaidi kwenye injini, ndo kazi yangu ya kila siku na hii timu naipenda sana, kwahiyo nivumilie nikirefusha.

1981 hali ilikuwa mbaya kweli. Walitoka Formula 2, daraja la chini ya Formula 1, wakiwa mabingwa wa Ulaya wa 1980, Brian Henton wa kwanza na Derek Warwick wa pili, halafu wakaingia Formula 1 kuanzia Imola, na kwenye mbio 12 walizojaribu Henton alifuzu Monza tu na Warwick alifuzu Las Vegas tu, ya mwisho wa msimu. Gari ilikuwa nzito, Waingereza wenyewe waliibatiza nguruwe anayepaa. Tairi za Pirelli nazo ndo kwanza zilikuwa zinarudi Formula 1.

Lakini watu wakisema injini haikuwa na nguvu mimi nakataa, nguvu ilikuwepo, shida ni joto na namna nguvu yenyewe inavyokuja. Brian Hart, mtengenezaji wa injini hiyo, alikuwa na karakana ndogo pale Harlow, Uingereza, akachukua injini yake ya Formula 2 ya lita 2 akaipunguza iwe 1.5 akaivisha turbo. Sasa hewa ukiikandamiza inachemka, na presha ndani ya silinda inapanda kiasi kwamba silinda hedi inataka kunyanyuka kwenye bloku, hapo gasketi, kizibo kati ya hedi na bloku, haina maisha. Fundi yeyote aliyewahi kuongeza presha ya turbo bila kufikiria anajua nazungumzia nini.

Alichofanya Hart hapo mpaka leo kinanifurahisha. Aliiondoa gasketi yenyewe! Hedi na bloku akavifanya kipande kimoja, hakuna pa kuvujia. Gharama yake ni kwamba kazi ya valvu unaifanya kwa kupitia chini, ndani ya silinda, na hiyo ni kazi ya kutoa jasho haswa, ila injini ikaanza kudumu.

Cha pili ni turbo. Renault na Ferrari walikuwa na V6, injini ya silinda sita, yenye turbo mbili ndogo, na gurudumu dogo la ndani ya turbo linashika kasi haraka. Hart alikuwa na moja kubwa, ukiachia mafuta inapungua kasi, ukikanyaga unasubiri, halafu nguvu inakuja yote kwa mpigo. 1983 wakahamia turbo za Holset, ndio hao hao Holset ambao wenye malori ya Cummins huku kwetu wanawajua vizuri, na chesisi ilishakuwa ya kaboni, kazi ya Rory Byrne, mbunifu wa magari ya timu. Warwick akawa wa 4 Zandvoort, Uholanzi, pointi za kwanza za timu, na akapata pointi kwenye mbio zote nne za mwisho wa msimu. Ila tusidanganyane kwamba silinda nne na turbo moja ndo kilikuwa kikwazo, maana BMW walikuwa na mpangilio huo huo na dereva wao Piquet akachukua ubingwa mwaka huo huo. Tofauti ni kwamba BMW walikuwa na kiwanda kizima na kompyuta ya Bosch, Hart alikuwa na karakana yake.

Sasa Monaco. Gari mpya, TG184, ilikuwa kwenye mbio yake ya pili tu, na tairi wamehamia Michelin. Mvua ilipunguza pengo la nguvu, kwasababu hata mwenye nguvu nyingi za farasi hana pa kuziweka kwenye lami yenye maji. Ila kuchelewa kwa turbo kulikuwepo, tena kwenye maji ni hatari zaidi, nguvu ikija kwa mpigo matairi yanazunguka bure. Senna alikuwa na tabia ya kugonga gonga mafuta katikati ya kona, mguu hautulii, na hiyo inasaidia turbo isilale, ukitoka kona nguvu ipo tayari na unaidhibiti. Alianza wa 13, akaweka mzunguko wa kasi kuliko wote, na mbio ziliposimamishwa baada ya mizunguko 31 alikuwa sekunde 7 na kidogo nyuma ya Prost.

Kuhusu gari yako, usikimbilie kununua turbo. Anza na mipira ya intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, washa injini mtu akanyage mafuta wewe usikilize kama kuna sehemu inapuliza, pitishia maji ya sabuni kwenye maungio. Kisha cheki eksozi isiwe imepasuka kabla ya turbo, maana gesi ikitorokea hapo gurudumu halipati wa kulizungusha. Ikiwa vyote vizima, shika shafti ya turbo uitikise, ikicheza sana niandikie tena.