Maswali na majibu: "Najisikia vizuri" si kipimo

Barua za safari hii nimezichagua kwa sababu moja. Karibu zote zina maneno yale yale: "mtoto ni mzima", "hatuumwi", "najisikia vizuri". Kazi kubwa ya kituo cha afya cha karibu nawe hufanywa kwa watu wanaojisikia vizuri, na hao ndio wasiotaka kwenda.

Mwanangu alichanjwa surua akiwa na miezi tisa na hajaugua hata siku moja. Sasa kliniki wananiita kwa dozi ya pili. Ya nini?

Dozi ya kwanza haishiki kwa kila mtoto. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa katika umri huo, kama 15 hivi hawapati kinga, na kwa macho huwatambui: wanacheza na kukua kama wenzao. Je, wako yumo? Hujui wewe, wala muuguzi hajui, ndiyo maana wanaitwa wote. Mgonjwa mmoja wa surua akiingia kati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 hadi 18, na virusi vyake hubaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka. Kwa hiyo shabaha ni watoto 95 kati ya kila 100 wapate dozi zote mbili. Kichanga wa jirani ambaye hajafikisha umri wa kuchanjwa ngao yake kubwa ni watoto wenzake waliochanjwa.

Hukuuliza, lakini najua kinachofuata. Ule utafiti wa 1998 uliohusisha chanjo ya surua na usonji ulifutwa mwaka 2010 na jarida lile lile lililouchapisha. Msinitumie tena zile sauti zinazozunguka kwenye simu.

Natumia dawa za kifua kikuu, huu ni mwezi wa pili. Kikohozi kimekwisha na nimeanza kunenepa. Naweza kupumzika?

Hapana. Maliza miezi yote uliyoandikiwa. Na wale unaoishi nao, hasa watoto walio chini ya miaka mitano, wamekwisha kupimwa?

Mhudumu wa afya ya jamii anapita nyumba hadi nyumba akiuliza tunachota maji wapi, na anataka kuona choo. Kwetu hakuna mgonjwa. Kwa nini anatupekua?

Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu mtaa wa Soho, London, daktari John Snow alifuatilia nyumba zilizofiwa na kuuliza maji yao yalitoka wapi. Vifo vilikuwa vimeizunguka pampu moja ya Broad Street. Mpini wa pampu ukang'olewa. Wakati huo hakuna aliyekuwa akitumia dawa ya kuua kimelea hicho. Kilichofanya kazi ni maswali, yale yale yanayokuudhi leo mlangoni.

Kusema "hatuna mgonjwa" hakutoshi. Wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawaharishi kabisa, au huharisha kidogo tu, lakini kinyesi chao kinaweza kubeba vimelea kwa siku 1 hadi 10. Choo chako kikivujia kisimani, mtaa mzima unakunywa.

Haki unayo ya kumwomba kitambulisho, na haki ya siri. Akikutangaza kwa majirani, mshitaki kwa mkuu wa kituo, nami nitakuunga mkono. Ila kumbuka kwamba wengi wao wanatembea juani bila mshahara wowote, ingawa Shirika la Afya Duniani lilikwisha kushauri mwaka 2018 kwamba walipwe. Hilo linaniuma kuliko malalamiko yote niliyopokea juu yao.

Nina mimba ya miezi mitano, ni ya tatu. Mbili za kwanza zilienda salama bila shida. Lazima niende kliniki?

Lazima, na umechelewa. Tangu 2016 ushauri ni mahudhurio yasiyopungua manane, la kwanza ndani ya wiki 12. Presha ya mimba hupanda kimyakimya. Unaweza kupika, kufua na kucheka huku inapanda, na ikiachwa huzaa kifafa cha mimba, kinachoweza kumuua mama na mtoto. Kamba ya kupimia presha mkononi na kipimo cha mkojo huigundua kwa dakika chache. Kaswende nayo haikupigii hodi, na inaua mtoto tumboni wakati sindano ya penisilini ingemwokoa. Mimba mbili zilizopita haziisemei hii ya tatu. Nenda kesho asubuhi, usisubiri nijibu barua nyingine.

Mbwa alimng'ata mtoto wetu mguuni. Kidonda ni kidogo na mbwa anaonekana mzima. Tusubiri tuone?

Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na bado linakuja, na bado linakuja kwa barua! Siku zote ambazo barua ilikuwa njiani zilikuwa siku za kumchanja mtoto. Nasema tena: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituoni siku hiyo hiyo. Usipake majani, usipake mafuta ya gari. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kama mmekwisha kuchelewa, msikate tamaa, nendeni sasa hivi.

Kadi ya kliniki ya mtoto imepotea. Naogopa kurudi.

Rudi pale alipochanjwa, jina lake limo kwenye rejista. Lisipopatikana, dozi zitarudiwa, na kurudia hakutamdhuru. Muuguzi unayemfokea mama kwa ajili ya kadi mpaka anaacha kuleta mtoto, nawe umesoma.